Safu ya Wasimamizi: Tarehe ya Walei wa Bariadi

Tarehe za parokia zetu nyingi huandikwa kwa mpangilio mmoja: padre wa kwanza, padre aliyemfuata, aliyejenga kanisa, aliyeliezeka upya, askofu aliyebariki altare. Walei huja mwishoni, katika aya moja ya shukrani isiyomtaja mtu. Kwa parokia za Bariadi na mkoa mzima wa Simiyu, mpangilio huu unaipotosha historia yenyewe. Muumini aliyekaa parokiani maisha yake yote, akafundisha wakatekumeni, akasimamia ubatizo wa watoto wa majirani na kufungua mlango wa kigango kila Jumapili, ndiye aliyeibeba tarehe hiyo. Akifariki bila kuandikwa, parokia imepoteza kumbukumbu ambayo orodha ya mapadre haiwezi kuirudisha.

Tuanze na miaka. Wamisionari wa Afrika walifungua misheni ya Bukumbi, karibu na Mwanza, mwaka 1883. Huku mashariki mwa Usukuma mambo yalichelewa. Ni mwaka 1946 ndipo ilipoundwa Vikarieti ya Kitume ya Musoma-Maswa chini ya Askofu Joseph Blomjous, na mwaka 1956 ndipo jimbo lililotokana nayo lilipochukua jina la Shinyanga, askofu wake akiwa Edward McGurkin wa shirika la Maryknoll, Mmarekani. Castor Sekwa alimfuata mwaka 1975, Aloysius Balina mwaka 1997, na Liberatus Sangu mwaka 2015. Orodha hii ni ya heshima na haina budi kuandikwa. Lakini itazame vizuri uone mapengo yake. Sekwa alifariki mwaka 1996 na mrithi wake akapatikana mwaka uliofuata. Balina alifariki Novemba 2012, na Sangu akateuliwa Februari 2015: zaidi ya miaka miwili jimbo lilikaa bila askofu wake. Mwaka huohuo wa 2012 Serikali iliutenga Simiyu, kwa sehemu yake kubwa, na mkoa wa Shinyanga, Bariadi ikawa makao makuu. Mipaka ya utawala ilibadilika na kiti cha askofu kikawa wazi, ilhali jumuiya ndogondogo ziliendelea kusali nyumba kwa nyumba. Anayeandika tarehe kwa kufuata viti hana la kusema kuhusu miaka kama hiyo, na huenda ndiyo iliyoonyesha vizuri zaidi Kanisa la Bariadi limesimama juu ya nani.

Mazingira yenyewe yanaeleza sababu. Simiyu ni nchi ya pamba, na sehemu yake kubwa ina udongo mweusi wa mbugani ambao mvua ikinyesha hunasa gari na baiskeli pia. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497 katika mkoa huu, wengi wao wakiishi vijijini. Padre mwenye vigango vingi hawezi kuwa kila mahali Jumapili ileile. Pasipofika padre huwa na Ibada ya Neno, na anayeiongoza ni katekista. Huyo naye ni mkulima kama wenzake. Ana palizi yake, ana pamba ya kuchuma, na posho yake, kama ipo, ni ndogo. Mapadre huhamishwa kwa barua ya askofu, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Katekista hahamishwi. Ndiye anayejua ni familia ipi iliacha kusali baada ya ugomvi wa mipaka ya shamba, na nani alikufa akiwa bado anajiandaa kubatizwa.

Ushahidi mkubwa wa hoja hii tayari umo ofisini mwa kila parokia, katika daftari la ubatizo. Kanuni ya 877 ya Sheria za Kanisa inamtaka paroko aandike jina la aliyebatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe ya ubatizo, pamoja na mahali na tarehe ya kuzaliwa. Kanuni ya 535 inaagiza kipaimara na ndoa vije kuongezwa hapohapo, na madaftari ya zamani yatunzwe kwa uangalifu. Sisi hulifungua daftari hili tukitafuta namba kwa ajili ya cheti cha ndoa, kisha tunalifunga. Lisomwe kwa namna nyingine: shusha kidole kwenye safu ya mhudumu, uone jina la padre likidumu kurasa kadhaa, kisha likaja jingine. Rudi kwenye safu ya wasimamizi. Huko ndiko yanakojirudia majina ya wakazi, na jina la mtu mmoja laweza kupita chini ya mapadre watano: kwanza akiwa msimamizi kijana, baadaye akiwa mzazi, mwishowe akiwasimamia watoto wa wale aliowasimamia.

Safu hiyo pia inawataja wanawake, ambao vikao na picha za uongozi huwasahau mara nyingi. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, ilianzishwa mwaka 1972, lakini mama wa ubatizo walikuwapo tangu mtoto wa kwanza wa kike alipobatizwa. Kwa Usukuma jambo hili ni zito. Huku wameuawa vikongwe kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Kumwandika bibi kwa jina, na kuwahesabu mbele ya watu watoto aliowashika kisimani pa ubatizo, ni kusema hadharani huyu ni nani katika kijiji hiki.

Yapo mapingamizi ya haki. La kwanza ni kwamba bila padre hakuna Ekaristi, na bila Ekaristi hakuna parokia. Ni kweli kabisa. Lakini Sakramenti humfikia mtu aliyeandaliwa, na hapa maandalizi yamekuwa kazi ya walei. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwasifu makatekista mwaka 1965 katika hati yake juu ya umisionari, na Mei 2021 Papa Fransisko aliufanya ukatekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa. Anayesema mlei anaweza kubaki nje ya tarehe ana ugomvi na Kanisa lenyewe.

Pingamizi la pili ni kwamba Kanisa huwaombea marehemu, haliwapambi. Maelekezo ya Misale ya Roma, namba 382, yanakataza kabisa mahubiri ya Misa ya mazishi kugeuzwa sifa za marehemu, na katazo hilo lina busara yake. Ila linahusu mahubiri. Kuandika kwamba mtu fulani alifundisha katekisimu katika kigango fulani tangu mwaka fulani ni kutunza kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo inaweza pia kutaja mapungufu yake.

La tatu ndilo lenye nguvu: kumbukumbu za wazee huchanganya miaka. Huchanganya, naam. Hata hivyo, mzee asiyekumbuka tarehe anajua kama jambo lilitokea kabla au baada ya watu kuhamishiwa vijijini mwaka 1974, wakati wa vita vya Kagera, au katika mvua za El Niño za 1997 na 1998. Ushuhuda wa namna hiyo ukilinganishwa na daftari la ubatizo na la ndoa hupata mwaka wake, au hukataliwa.

Tunajua pia kinachotokea walei wanapoandikwa. Adrian Atiman alitekwa utumwani utotoni huko Mali, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1880, akawa tabibu na katekista hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Mapadre wengi walipita Karema, na jina la Atiman linajulikana kuliko la wengi wao. Daudi Okello na Jildo Irwa, makatekista vijana waliouawa Paimol, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1918, walitangazwa wenye heri mwaka 2002, kwa kuwa wapo waliotunza habari zao.

Mwaka 2026 jina la Jimbo la Shinyanga linatimiza miaka 70, na vijitabu vya jubilei vitachapwa tena. Halmashauri za walei za Bariadi, Maswa, Meatu na Itilima ziombe ruhusa ya paroko, ziteue watu wawili wenye mwandiko mzuri, na zianze na daftari la kwanza la ubatizo, safu ya wasimamizi. Kisha waende kwa wazee waliobaki, na waende kabla ya msimu ujao wa kupanda pamba.