Mapendekezo ya utafutaji: majina ya Mpanda na Katavi

Mapendekezo ya utafutaji ni maneno yanayojitokeza chini ya kisanduku cha kutafutia mtu anapoanza kuchapa. Google iliyatoa kwa majaribio Desemba 2004, ikayaweka kwenye ukurasa wake mkuu mwaka 2008. Kazi yake ni kumwepusha mtafutaji kuuliza jambo lile lile mara tatu nne. Kwa mwenye bando dogo, kila ukurasa uliofunguka kimakosa ni MB zilizoliwa bure.

Mkoa wa Katavi unaonyesha wazi mahali mapendekezo yanapokwama. Chapa “Tanganyika”. Ni ziwa, ni nchi iliyopata uhuru 1961 na kuungana na Zanzibar 1964, ni mkoa wa Kongo, na ni wilaya ya Katavi yenyewe. “Katavi” nayo ni mkoa, ni hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1974, tena ni ziwa lililomo ndani ya hifadhi hiyo. “Mpanda” ni manispaa inakoishia reli ya kutoka Kaliua, lakini iko Mpanda nyingine Burundi, achilia mbali mpanda baiskeli na mpanda milima. Kumrudishia mtu jina tupu alilokwisha kulichapa hakumsaidii chochote. Neno moja pembeni, yaani wilaya, ziwa au hifadhi, linatosha kumfikisha kwa ulizo moja.

Mipaka ya utawala nayo huchanganya. Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, kwa hiyo maandishi ya kabla ya hapo yanaiweka Mpanda mkoani Rukwa. Dawa yake ni elekezo: jina la zamani linampeleka msomaji moja kwa moja kwenye la sasa. Wikipedia ya Kiswahili hutumia maelekezo ya aina hii, pamoja na kurasa za “maana” kwa majina yanayogongana.

Tahajia ndiyo yenye mtego zaidi. Bandari ya Karema, iliyopo mkoani Katavi kwenye Ziwa Tanganyika, huandikwa pia Kalema. Kwa kipimo alichokibuni Vladimir Levenshtein mwaka 1965, kinachohesabu herufi za kubadilishwa, kuongezwa au kuondolewa, majina hayo yanaachana kwa hatua moja tu. Ila hatua mbili kutoka Kalema unafika Kalemie, ambayo nayo ni bandari, ng’ambo ya ziwa, nchini Kongo. Programu inayosahihisha bila kuuliza yaweza kumvusha msafiri ziwa zima. Hapo afadhali ionyeshe majina yote mawili, kila moja na nchi yake.

Injini nyingi za utafutaji hutegemea sana yale yanayoulizwa na wengi, na vijiji huumia. Kibaoni ya Mpimbwe, mkoani Katavi, inashindania nafasi na Kibaoni ya Ifakara. Kwa hiyo anayeandika habari za maeneo haya mtandaoni ataje wilaya na mkoa, na jina la zamani kama lipo.