Nukta za Kisiria Kwenye Skrini: Suala la Matini, Si la Urembo

Mwanafunzi anayesoma Peshitta, yaani Biblia ya Kisiria, kwenye kompyuta anaweza kukuta mfalme mmoja mahali ambapo mwandishi alitaja wafalme. Malka na malke huandikwa kwa herufi nne zilezile. Kinachoyatenga ni seyame, nukta mbili za wingi zinazowekwa juu ya neno. Programu ikizidondosha, matini yenyewe imebadilika. Kwa hiyo sikubaliani na wanaoziona kasoro hizi kuwa kazi ya mafundi wa fonti peke yao. Ni suala la uhakiki wa matini, na mhariri wa zana ya kidijitali anawajibika nalo.

Mwandiko wa Kisiria uliokomaa Edessa (leo Urfa, Uturuki) haukuwahi kuzichukulia nukta kama pambo. Herufi Dalath na Rish ni umbo moja: nukta ikiwa chini ni d, ikiwa juu ni r. Katika neno k-t-b, nukta ya chini huashiria “aliandika”, ya juu “anaandika”.

Kisiria kiliingia Unicode, mfumo unaoipa kila herufi msimbo wake wa kompyuta, mwaka 1999, toleo la 3.0, kufuatia pendekezo la Paul Nelson, George Kiraz na Sargon Hasso. Miandiko yake mitatu, Estrangela, Serto na ule wa Mashariki, ilipewa misimbo ileile, na fonti ndiyo inayoamua msomaji aone upi. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi. Vinginevyo aya moja ingelazimika kutafutwa mara tatu. Seyame nayo haikupewa msimbo wake. Hutumia ule wa nukta mbili ambazo Wajerumani huweka juu ya irabu zao, na hapo ndipo matata yanapoanza. Programu nyingi huchagua fonti kwa kuangalia mwandiko, ilhali alama hii haina mwandiko mmoja inaoumiliki. Ikichotwa kutoka fonti ya Kilatini, nukta hukaa upogo, au neno hukatika na herufi zilizopaswa kushikana zikaachana. Juu ya Rish hali ni ngumu zaidi: kwa kawaida mnakili huiunganisha nukta ya herufi na seyame zikabaki mbili, lakini fonti dhaifu huchora tatu.

Itasemwa kwamba tatizo lilikwisha tangu Beth Mardutho, taasisi ya Kiraz, ilipotoa bure fonti za Meltho. Kwa anayechapa barua, pengine. Zana ya usomi hufanya mambo ambayo barua haiyahitaji. Kama Kiswahili, Kisiria huambatisha viambishi mwanzoni mwa neno, na mwalimu hupenda kuvipaka rangi ili mwanafunzi auone mzizi. Programu isiyo makini hulikata neno pale rangi inapobadilika, kisha huchora kila kipande kana kwamba kinajitegemea: b- ya “katika” hubaki imetengana na nomino yake. Alaph ya mwisho huathirika pia, kwa kuwa umbo lake hutegemea herufi iliyoitangulia, kanuni ambayo Kiarabu hakina.

Wengine hukimbilia picha za kurasa, ambazo peke yake hazitafutiki, au unukuzi wa Kilatini. Unukuzi una faida darasani (nami siupingi huko), ila humlazimisha mnukuzi kuchagua irabu ambazo hati imeziacha wazi. Hatari kubwa zaidi ni hifadhidata inayofuta nukta ili utafutaji uwe mwepesi. Zifutwe katika faharasa tu; matini iliyohifadhiwa isiguswe.

Toleo la kuchapwa hutaja hati lilizozitegemea. Toleo la kidijitali nalo litaje fonti liliyopimwa nayo, na lieleze matokeo ya majaribio machache: Rish yenye seyame, kiambishi kilichopakwa rangi, Alaph ya mwisho, na aya iliyonakiliwa kwenda programu nyingine na kurudishwa, misimbo yake ikilinganishwa mmoja baada ya mwingine.