Habari za Mbali Ziwani Nyasa: Kutoka Vita vya 1914 hadi Programu Huria za Redio

Historia ya mawasiliano katika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuanzia mbuga za Kyela na bandari ya Itungi hadi Matema chini ya Milima ya Livingstone, kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliopokea habari kupitia vyombo vilivyobuniwa na kumilikiwa na wengine. Uzito wa jambo hilo ulidhihirika ziwani humo tarehe 13 Agosti 1914, pale nahodha Mwingereza Rhoades wa meli ya Guendolen, aliyekwisha kupata taarifa ya vita, alipoishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann huko Sphinxhaven, yaani Liuli ya leo, ilhali Berndt, nahodha wa meli hiyo na rafiki yake wa siku nyingi, hakujua kwamba mataifa yao yanapigana.

Wanaredio wa ridhaa, yaani watu wanaopewa leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza na si kwa biashara, walijenga desturi tofauti ya kupeana michoro ya mitambo yao bila malipo. Kutokana na ujuzi huo Chuo Kikuu cha Surrey kilitengeneza setilaiti ya UoSAT-3, iliyorushwa mwaka 1990 na kutumiwa na shirika la SatelLife kupeleka barua na maandiko ya kitabibu katika vituo vya Afrika, Tanzania ikiwamo: ilipokea ujumbe ilipopita juu ya kituo kimoja, ikauhifadhi, kisha ikaushusha kwenye kingine.

Desturi hiyo inaendelea katika programu huria za redio, ambazo msimbo wake, yaani maagizo yanayoiongoza kompyuta, kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Joseph Taylor, mwanafizikia aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1993, alitoa programu ya WSJT mwaka 2001 na kuufungua msimbo wake mwaka 2005. Mwaka 2017 yeye na Steven Franke wakaleta FT8, mfumo unaorusha ujumbe mfupi katika vipindi vya sekunde 15 na kuunasa hata ukiwa dhaifu kiasi cha kutosikika kwa sikio. Mwito wa FT8 hutaja mraba wa ramani alipo mrushaji: mji wa Kyela umo katika KI60, na ukivuka longitudo 34 mashariki, karibu na Matema, unaanza KI70.

Katika mila hii kuomba msaada na kuchangia ni tendo moja, na hapo ndipo thamani yake kwa Kyela ilipo. Anayekwama hueleza toleo la programu, aina ya redio na kompyuta, hatua alizofuata na kilichotokea, akiambatisha rekodi ya sauti iliyoshindwa kusomwa, na maelezo hayo ndiyo malighafi ya marekebisho. Ionosfera, tabaka la anga linalorudisha mawimbi duniani, huvurugika sana katika tropiki baada ya jua kutua, hali ambayo mwandishi wa programu anayeishi Ulaya haioni nyumbani kwake. Kwa hiyo rekodi ya jioni kutoka KI60 humpa ushahidi asioweza kuutengeneza mwenyewe. Asiyejua kuandika msimbo anaweza kufasiri mwongozo kwa Kiswahili au kujaribu matoleo mapya, ingawa kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo humpa mwenye nayo jina la mwito linaloanza na 5H.