Kutoka Lacor hadi Mulago: Uganda ilivyojifunza kuisubiri Ebola

Tarehe 1 Oktoba 2022 daktari kijana Mtanzania alifariki katika hospitali ya rufaa ya Fort Portal, magharibi mwa Uganda. Alikuwa amevuka mpaka kwenda kusomea upasuaji, kama sisi tulivyovuka bahari kuja kusoma huku. Ebola aliipata kazini. Habari ilipotufikia, wengi wetu tulikuwa tukiijua Ebola kama jambo la kwenye televisheni, ugonjwa wa watu wa mbali wenye mavazi meupe. Tukajiuliza: nchi iliyopambana na ugonjwa huu tangu mwaka 2000, na kusifiwa kwa hilo, ilikuwaje ukampitia daktari wake mwanafunzi? Makala haya ni jibu letu, kadiri tulivyoweza kulipata.

Inabidi turudi Gulu. Mwanzoni mwa Oktoba 2000 kaskazini mwa Uganda kulikuwa na vita, na watu wengi wa Acholi walikuwa wamerundikwa kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Katika hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, wanafunzi wa uuguzi walianza kufa kwa homa na kutokwa damu. Mganga mkuu, Dk. Matthew Lukwiya, alikuwa Kampala akisomea shahada ya uzamili. Aliitwa, akarudi. Alikesha na majalada ya wagonjwa na vitabu vya homa za kutoka damu, na hakungoja barua ipite ofisi moja baada ya nyingine: aliipigia simu Wizara ya Afya moja kwa moja. Wodi ya kuwatenga wagonjwa ikafunguliwa hata kabla ya jibu la maabara.

Jibu hilo lilitoka wapi? Afrika Kusini. Uganda ilikuwa na taasisi ya utafiti wa virusi pale Entebbe tangu 1936, ndiyo iliyovitambua virusi vya Zika mwaka 1947, lakini mwaka 2000 haikuwa na uwezo wa kuthibitisha Ebola. Damu ya wagonjwa wa Gulu ilisafirishwa kwa ndege hadi upande wa pili wa bara, na kila siku ya kungoja ilikuwa siku ya muuguzi mmoja zaidi kumgusa mgonjwa kwa mikono mitupu.

Mwishoni mwa Novemba wauguzi wa Lacor walifika mwisho wa uvumilivu. Wenzao walikuwa wakifa mfululizo, nao wakakusanyika kudai hospitali ifungwe. Lukwiya alizungumza nao kwa saa nyingi, na wengi wakarudi wodini. Yeye mwenyewe alikuwa tayari ameambukizwa, usiku alipokimbilia kumsaidia muuguzi mgonjwa bila kukinga macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Februari 2001, watu 425 walikuwa wameugua na 224 wamekufa. Huwa tunasoma habari zake kama za shujaa, na shujaa alikuwa kweli. Hata hivyo tunaona ushujaa ule ulikuwa pia kipimo cha pengo: palipokosekana mfumo, mtu aliweka mwili wake.

Kuna jambo jingine la Gulu ambalo vitabu vya tiba huligusa kidogo tu. Waacholi walikuwa na utaratibu wao wa zamani wa kukabili tauni waliyoiita gemo. Mgonjwa hutengwa katika nyumba yake, fito za matete husimikwa kama alama ili mpita njia ajue, anayemhudumia huwa mtu aliyewahi kuugua akapona, ngoma husimama, na wageni hawaingii kijijini. Wataalamu waliotoka nje wakiwa na miongozo yao walikuta nusu ya miongozo hiyo inajulikana tayari. Tunamkumbusha msomaji wa pwani kuwa hata bibi zetu walijua kumtenga mwenye ndui. Karantini ni neno la kuja, lakini jambo lenyewe lilikuwepo.

Baada ya Gulu, somo la kwanza lilichelewa kuingia. Mwaka 2007, Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori, watu walianza kuugua mwezi Agosti, na ugonjwa haukuthibitishwa hadi mwishoni mwa Novemba, tena Marekani. Ilikuwa aina mpya ya Ebola, ikapewa jina la wilaya ile. Miezi mitatu ilipita, na miongoni mwa waliokufa alikuwemo tena daktari wa Uganda, Jonah Kule.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mwaka 2010 Entebbe ilipata maabara ya homa za kutoka damu kwa ushirikiano na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa. Lakini maabara bila barabara ni jengo tu. Kilichotuvutia zaidi katika historia hii yote ni pikipiki. Uganda ilikuwa imejenga utaratibu wa kukusanya damu za watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye virusi vya UKIMWI: hospitali fulani huwa kitovu, mwendesha pikipiki huzungukia zahanati na vituo vya afya vya jirani akikusanya sampuli, kisha vifurushi husafirishwa kwa posta hadi maabara kuu. Njia hizohizo, madereva haohao, zikaja kubeba damu inayoshukiwa kuwa na Ebola, ikiwa imefungwa tabaka tatu. Tunadhani huu ndio uti wa mgongo wa mtandao wa Uganda. Kitu kinachotumika kila wiki hakiozi kikisubiri janga.

Matunda yalionekana upesi. Mei 2011 binti wa miaka 12 kutoka Luwero alifariki katika hospitali ya jeshi ya Bombo. Entebbe ilithibitisha Ebola, na hakuna mwingine aliyeugua. Juni 2019, mlipuko mkubwa wa Kivu na Ituri ukiendelea ng'ambo ya mpaka, familia moja ilitoka Kongo ikapita njia ya panya kuingia Kasese. Mtoto wa miaka 5 alipelekwa hospitali ya Kagando, wahudumu wakamshuku mara moja, na jibu likapatikana ndani ya siku chache. Wahudumu zaidi ya 4,000 wa wilaya za mpakani walikuwa wameshachanjwa. Watu watatu wa familia ile walifariki, na ugonjwa haukuenea Uganda.

Basi Mubende ilikuwaje? Mwaka 2022 vilirudi virusi vya aina ya Sudan, vilevile vya Gulu, ambavyo havikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Kasese ilikuwa macho kwa sababu iliusubiri ugonjwa kutoka mpakani. Mubende iko katikati ya nchi, haikusubiri kitu. Watu walikufa tangu Agosti, wakidhaniwa wana malaria, wakipita zahanati za binafsi na kwa waganga wa kienyeji, mahali ambapo pikipiki ya sampuli haifiki. Mlipuko ulitangazwa tarehe 20 Septemba. Madaktari walio mafunzoni katika hospitali ya Mubende waligoma wakidai vifaa vya kujikinga, yale yale ya Lacor. Hadi Januari 2023 wahudumu wa afya saba walikuwa wamekufa. Jibu la swali letu limo humu: mtandao ulikuwepo, lakini ulianzia mlango wa hospitali ya serikali, na mwanafunzi yule alikuwa ndani ya mlango huo kabla ya kengele kulia.

Mwishoni mwa Januari 2025 muuguzi wa hospitali ya Mulago, Kampala, alifariki baada ya kutafuta tiba sehemu kadhaa, kwa mganga wa kienyeji pia. Alikuwa muuguzi, na hata yeye hakutambuliwa hadi alipokufa. Siku nne baada ya tangazo, majaribio ya chanjo dhidi ya aina ya Sudan yalianza, kwa sababu mpango wake ulikuwa umeandikwa tangu Mubende na dozi zilikuwa tayari Kampala. Ilikuwa pia wiki ambayo msaada wa Marekani kwa nchi za nje ulikuwa umesimamishwa, na sehemu kubwa ya mtandao tuliouelezea ililipiwa na msaada huo. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 26 Aprili: wagonjwa 14, vifo vinne. Nani atalipia mafuta ya pikipiki safari ijayo, hilo wanalijadili sasa Kampala, na sisi tutalijadili kwenye kikao kijacho cha chama.