Deni la Shemeji

Mimi ni mtu wa Tanga niliyeoa Buganda, na kila nikiwasimulia wageni wa pwani kisa cha Kintu na Nambi hapa Kampala, huniambia, "Si Adamu na Hawa hao, bwana?"

Hawakosei sana kushuku kwamba kisa hiki kimeazimwa kwa dini za kigeni. Ahmed bin Ibrahim alileta habari za Uislamu kwa Kabaka Suuna mwaka 1844. Wamisionari wa Kiprotestanti walifika 1877, Wakatoliki 1879. Apolo Kaggwa, aliyechapisha historia ya makabaka mwaka 1901 akianza na Kintu, alikuwa Mkristo. John Roscoe, aliyetoa kitabu chake juu ya Waganda mwaka 1911, alikuwa mmisionari.

Lakini hebu kitazameni kisa chenyewe. Ggulu wa mbinguni anamwoza Kintu binti yake Nambi, anawahimiza waondoke mapema wala wasirudi nyuma, Walumbe, kaka wa bibi harusi, asije akawafuata. Njiani wanakumbuka wamesahau ulezi wa kuku. Wasimulizi wengine husema aliyerudi kuuchukua ni Nambi, wengine Kintu mwenyewe. Walumbe anawafuata. Huku duniani anaomba mtoto mmoja wa kumpikia. Kintu anakataa, na watoto wanaanza kufa. Kayiikuuzi anatumwa kumrudisha nduguye, lakini Walumbe anajichimbia ardhini kule Ttanda, ambako mashimo yanaonyeshwa hadi leo.

Hapa hamna tunda la kukatazwa wala tamaa ya kuwa kama Mungu. Kuna ugomvi wa shemeji. Katika desturi ya zamani ya Buganda, ukoo wa mke ulikuwa na haki ya kudai mtoto, na baba alimkomboa kwa mali. Walumbe alidai haki yake. Kintu hakumpa mtoto, wala hakumkomboa.

Haki ya shemeji niliiona mwenyewe: nilipokwenda kujitambulisha kwa wakwe, kwenye kwanjula, kaka wa mke wangu hakukubali shughuli iishe mpaka akabidhiwe jogoo wake. Alimpapasa kifua kwanza, kuhakikisha hajakonda, ndipo akamkumbatia kwapani na wazee wakapiga vigelegele.

Huenda dini za kigeni zimekipaka kisa hiki rangi, hasa pale lawama zote anapotwishwa mwanamke. Kiini chake lakini ni cha wakulima wanaojua gharama ya kuoa. Anayetafuta asili ya pepo iliyompotea Kintu aanzie ukweni, si Edeni.