Fataki za Risasi za Bunduki na Mipaka ya Kubadilishana Aina Zake

Fataki ni kikombe kidogo cha metali chenye kilipuzi, kinachochomekwa kitakoni mwa ganda la risasi. Pini ya bunduki inapoigonga, kilipuzi hubanwa kwenye kipande kidogo kiitwacho fuawe, hulipuka, na mwali wake hupita tunduni na kuiwasha baruti. Neno lenyewe si geni: wawindaji wa magobore walikuwa wakivisha fataki kwenye chuchu ya bunduki kabla ya kulenga. Katika risasi ya kisasa fataki imefichwa ndani ya ganda, na pengine ndiyo sababu wengi hudhani kuwa zote ni sawa.

Suala la kubadilisha fataki huibuka zaidi nchini Marekani, ambako sheria ya shirikisho inamruhusu raia kujaza upya maganda yaliyokwisha kutumika kwa matumizi yake mwenyewe bila leseni ya kiwanda. Kati ya mwaka 2020 na 2022 fataki ziliadimika sana nchini humo. Kampuni ya Remington, mmoja wa watengenezaji wanne wakubwa, ilifilisika mwaka 2020, na biashara yake ya risasi ikanunuliwa na Vista Outdoor, iliyokuwa tayari inamiliki CCI na Federal. Wa nne, Winchester, alibaki nje ya mkono huo. Mjazaji aliyezoea aina moja alijikuta akiuziwa chochote kilichopatikana, na swali likawa: je, hiki kitafaa mahali pa kile?

Jibu linaanzia kwenye umbo. Mwaka 1866 Hiram Berdan wa Marekani na Edward Boxer wa Uingereza walisajili, kila mmoja kwa upande wake, mifumo miwili tofauti. Katika mfumo wa Berdan fuawe ni sehemu ya ganda lenyewe. Katika ule wa Boxer fuawe imo ndani ya fataki, na ganda lina tundu moja katikati. Cha kushangaza ni kwamba Wamarekani waliuchukua ule wa Mwingereza, huku majeshi mengi ya Ulaya yakiupenda ule wa Mmarekani. Fataki za mifumo hii hazibadilishani kabisa.

Ndani ya mfumo wa Boxer kuna mtego uliojificha zaidi. Fataki kubwa ya bunduki na fataki kubwa ya bastola zina kipenyo kimoja, takriban inchi 0.210, lakini ya bastola ni fupi na kikombe chake ni chembamba. Ndogo zina kipenyo cha inchi 0.175, na hapo vipimo vya bunduki na bastola vinakaribiana mno hata jicho haliwezi kuvitofautisha. Tofauti iko katika unene wa kikombe, na unene huo una kazi. Risasi ya bastola ya .45 ACP hufanya kazi kwa shinikizo lisilozidi pauni 21,000 kwa inchi ya mraba. Ya bunduki ya.30-06 hufikia 60,000. Kikombe kilichoundwa kwa shinikizo la kwanza kikikutana na la pili kinaweza kutoboka, na gesi ya moto ikarudi nyuma kuelekea usoni kwa mpigaji. Kubadilishana kwa namna hiyo hakuna nafasi hata wakati wa uhaba.

Kubadilisha chapa ndani ya daraja moja ni jambo jingine, nalo linawezekana kwa masharti. Kila mtengenezaji ana mchanganyiko wake, na nguvu ya mwali hutofautiana. Fataki za daraja la magnum hutoa mwali mkali zaidi, zikikusudiwa maganda makubwa, baruti zinazowaka polepole, au baridi kali. Ukiweka magnum mahali pa kawaida huku kipimo cha baruti kikikaribia kilele, shinikizo linaweza kuvuka mpaka. Kwa hiyo kanuni ya vitabu vya ujazaji ni moja: kijenzi chochote kikibadilika, mjazaji anarudi kwenye kipimo cha kuanzia kilichochapishwa, kisha anapanda hatua kwa hatua. Fataki iliyobapika au komeo linalofunguka kwa shida ni dalili za hatari, ingawa kukosekana kwa dalili hizo hakuthibitishi usalama.

Bunduki yenyewe nayo ina kauli. Katika M1 Garand pini haizuiwi na springi. Risasi inapoingia chemba, pini husogea mbele kwa kasi yake yenyewe na kuacha alama ndogo juu ya fataki. Fataki laini mno, au iliyochomoza nje ya kitako, yaweza kulipuka kabla kifyatulio hakijaguswa. Ndiyo maana CCI hutengeneza namba 34, yenye usikivu wa kiwango cha kijeshi. Asiyesoma maelezo yake hatajua kwamba nguvu yake ni ya daraja la magnum, na kwamba kipimo cha baruti kinapaswa kulingana na hilo.

Fataki za zamani zina ubaya wa aina yake. Zile za zebaki, za karne ya 19, zilidhoofisha shaba ya ganda hadi likapasuka. Zile za klorati ya potasiamu, zilizotumika katika risasi nyingi za jeshi la Marekani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, huacha mtutuni chumvi inayovuta unyevu na kuleta kutu. Chumvi hiyo huyeyuka kwa maji. Mafuta peke yake hayaiondoi.

Kuhusu hifadhi, kanuni ya Marekani ya NFPA 495 inaweka ukomo wa fataki 10,000 katika makazi ya mtu binafsi. Hukaa katika vifungashio vya kiwandani, vilivyoundwa kuzitenganisha moja moja. Zikimiminwa pamoja ndani ya chupa au kopo, moja ikilipuka zote hulipuka kwa pamoja.