Nambari kwenye Gunia la Nyeri

Kahawa inayotoka Mathira, Nyeri, kwenda mnadani Nairobi huandikwa maneno machache, na kila neno lina mahali pake. Kwanza jina la fakitari, yaani mahali matunda yanapomenywa: Gatomboya, Karogoto, Gichathaini. Kisha gredi. Kisha nambari ya shehena, ambayo mgeni atadhani ni herufi na tarakimu zilizochanganywa ovyo. Tarakimu mbili za mwanzo ni wiki ya msimu, ukihesabu kuanzia Oktoba. Herufi zinazofuata zinataja kinu kilichokoboa, na tarakimu za mwisho zinaonyesha ilikuwa shehena ya ngapi kupokelewa. Ukiona 12 mwanzoni, ujue kahawa hiyo iliingia kinuni Krismasi ikikaribia.

Mnada wa Nairobi ulianza miaka ya 1930, wakati ambapo kahawa ilikuwa mali ya walowezi. Watu wa Nyeri waliichuma kwenye mashamba ya wazungu lakini hawakuruhusiwa kuipanda. Walowezi walidai kwamba magonjwa yangeenea, ubora ungeshuka, na wizi usingetambulika. Dai hilo la mwisho linafichua mengi. Mwafrika asiporuhusiwa kuwa na mkahawa hata mmoja, kahawa yoyote itakayokutwa kwake ni ya wizi, wala hakuna haja ya kuuliza imetoka wapi.

Meru, Embu na Kisii zilifunguliwa kwa majaribio katika miaka hiyohiyo. Nyeri ilingoja hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na upanuzi mkubwa ukaja na Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto. Hata miche ilikuja na nambari: SL28 na SL34, kutoka Maabara ya Scott kule Kabete. Ilibidi kungoja hadi 2010 ndipo aina mpya ikaitwa Batian, kwa jina la kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya.

Mkulima mwenye miti mia mbili hawezi kuwa na mashine yake ya kumenya. Hujiunga na chama cha ushirika na kupeleka matunda fakitari siku ileile aliyochuma. Kwenye mizani karani huandika nambari ya mwanachama na kilo zake, kisha matunda humwagwa pamoja na ya majirani. Kuanzia hapo mkulima hana jina tena. Kinachosafiri ni jina la fakitari.

Na hata hilo halikufika mbali. Wanunuzi wa ng'ambo walizoea kuitisha "Kenya AA", ilhali AA ni kipimo cha ukubwa tu: punje zinazobaki juu ya chekeche lenye matundu ya milimita 7 na kitu. Punje kubwa ya Othaya na punje kubwa ya Kiambu zote ni AA. Kwa miongo mingi ukubwa ulitangazwa kuliko mahali, na hasara hiyo iliwaangukia wakulima waliotunza kahawa yao vizuri kuliko wengine.

Mabadiliko yalianzia nyumbani. Chama kikubwa cha Mathira kilivunjika miaka ya 1990, na kimojawapo cha vyama vilivyozaliwa ni Gikanda, ambacho jina lake limeshonwa kutokana na fakitari zake tatu: Gichathaini, Kangocho na Ndaro-ini. Mwaka 2006 serikali iliruhusu kahawa kuuzwa moja kwa moja bila kupitia mnadani. Tim Wendelboe, mchoma kahawa wa Oslo, ameiuza kahawa ya Karogoto kwa jina la fakitari yenyewe, na mteja wa Norway anaweza kuitafuta kwa jina hilo.

Kutafuta kwenyewe sasa ni kazi ya mashine. Mwaka 2011 Google, Bing na Yahoo zilianzisha schema.org, msamiati wa pamoja wa kuiambia mashine lipi ni jina la bidhaa, ipi ni bei, wapi ni mahali. Makarani wa kahawa walikuwa wameutatua ugumu huo zamani, kwa wino na karatasi.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu ukataji wa misitu imeongeza safu moja: mahali hasa lilipo kila shamba kahawa ilikokuzwa, kwa vipimo vya setilaiti. Kwa sheria hiyo, shamba la mwanachama wa Tetu au Mukurwe-ini litaandamana na kahawa yake hadi bandari za Ulaya. Vyama vinastahili kuzishika takwimu hizo vyenyewe, kama vinavyoshika daftari la mizani, kabla msafirishaji hajazifanya mali yake.